Mdogo wangu ana selimundu, jicho linazima dakika chache afu linarudi. Tusubiri amalize mitihani?

Shangazi shikamoo,

Naandika kutoka Mwanza, mimi ndo mkubwa kwetu na nakaa na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 22, anasoma chuo hapa hapa mjini na ana selimundu (siko seli) tangu utotoni. Sisi tumekua na hiyo kitu ndani ya nyumba, yani nikimsikia usiku anageuka geuka kitandani najua mapaja na mgongo vimeanza, najua macho yake yakizidi umanjano ni nini, kwahiyo sio mtu wa kupaniki hovyo. Ila hili la sa hivi limenishinda ndo maana nakuandikia.

Kuna siku alikuwa uani anafua, akaniita dada hebu njoo jicho hili limezima. Nikajua utani wake, nikaenda taratibu. Nikamkuta kasimama mikono imejaa povu, akafunika jicho la kulia akasema giza tupu, akafunika la kushoto akasema hapa naona mpaka vibanio kwenye kamba. Akasema lilianzia juu likashuka kama pazia, haliumi, haliwashi, hakuna chochote. Tukiwa bado tunaongea akasema haya limerudi, akacheka, akaendelea kufua. Mimi nikabaki nimeshika mlango.

Baadae ikajirudia chuoni kwenye testi, anasoma swali mara nusu ya juu ya karatasi haipo. Akakaa kimya mpaka ikarudi akamalizia. Na hii ya pili hakuniambia mimi shangazi, nilimsikia anamsimulia rafiki yake kwenye simu anacheka.

Nilipombana akasema nisimwambie mama. Mama yupo Sengerema, presha yake sio nzuri, na akisikia atapanda kivuko siku hiyo hiyo na dumu la juisi ya rozela na mabitiruti maana kwake kila kitu ni kupungukiwa damu. Mjomba nae kashapata fununu kwa njia anazojua yeye, anasema kijana ana akili darasani kwahiyo kuna jicho la mtu hapo. Jirani yetu ametupa matone yaliyobaki alipougua macho mekundu, anasema yalimsaidia sana. Mwenyewe mdogo wangu anasema ni kusoma sana usiku kwenye simu, anataka kwenda dukani kupima miwani bure.

Kliniki ya selimundu hajaenda muda mrefu. Alipotoka kwa watoto akahamishiwa kwa wakubwa, siku ya kwanza tu akafokewa na muuguzi kwamba mtu mzima unakujaje na dada yako, basi akasusa. Na vile vidonge vyake vya selimundu, haidroksiurea, ameviacha kimya kimya, kuna mtu alimwambia ni dawa ya kansa na zinamaliza nguvu za uzazi. Afu wikiendi anaendesha bodaboda ya rafiki yake apate hela ya kula.

Mitihani ya mwisho inaanza karibuni na ameniomba tusubiri amalize ndo twende. Naomba uniambie, hii ni damu imepungua au ni macho tu? Nikienda naanza kwa daktari wa macho au wa damu? Na je nimwambie mama au nitunze siri ya mdogo wangu?

Dada Mtu, Mwanza


JIBU

Marahaba mwanangu. Nimesoma barua yako na nimeitoa juu ya nyingine zote maana hii haiwezi kukaa foleni. Jibu la swali lako kubwa ni hapana, msisubiri mitihani. Ukimaliza kusoma hapa mpigie simu popote alipo, mwende leo, na kama ni usiku unasoma basi usiku huo huo.

Najua unajiuliza mbona shangazi ana haraka hivyo na jicho limeshapona. Halijapona. Limerudi, na kurudi sio kupona. Jicho moja kuzima ghafla bila maumivu, dakika chache likawaka tena, kwa mtu yeyote ni jambo la kwenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa mwenye selimundu ndo kabisa. Sababu ni hii, mshipa unaopeleka damu kwenye jicho ni tawi la mshipa mkubwa unaopanda shingoni kwenda kwenye ubongo. Kilichoziba kule kwa dakika chache kikaachia, kesho kinaweza kuziba na kisiachie, na kinaweza kisizibe kwenye jicho kikazibe juu kidogo, hapo unaongelea kiharusi. Na kiharusi sio ugonjwa wa wazee peke yao, wenye selimundu wanakipata hata wakiwa watoto, ndo maana sehemu zenye uwezo watoto wa kuanzia miaka 2 mpaka 16 wanapimwa kasi ya damu kwenye mishipa ya kichwa kwa ultrasaundi ili wajulikane mapema. Mdogo wako ameshapita umri huo lakini hatari haijampita.

Kwahiyo kabla hujafanya lolote muulize, na mwangalie usoni akikujibu: siku ile mkono au mguu ulikufa ganzi au kulegea? Mdomo ulikwenda upande? Maneno yaligoma kutoka? Kichwa kilimuuma kuliko kawaida yake? Jibu likiwa ndio hata kwa moja tu, hapo hakuna cha kuvaa viatu vizuri, ni kutafuta gari. Na likiwa hapana kwa yote bado mnaenda, sijabadilisha neno.

Sasa nikusifie kidogo maana kuna kitu mmefanya watu wengi hawafanyi. Kufunika jicho moja moja. Mtu anakwambia "niliona giza" afu hajui lilikuwa jicho moja au yote mawili, na hapo ndo daktari anakwama. Angekuwa anaona giza kwenye macho yote akisimama ghafla, kizunguzungu juu, ningekwambia mama yako anaweza kuwa na point, damu imeshuka au presha imeshuka. Angekuwa anaona mistari ya kumeta meta yenye kona kona inatambaa nusu saa hivi afu kichwa kinafuata, hiyo mara nyingi ni kipandauso. Angeona moshi, nyuzi nyuzi, vidoti vyeusi vinaelea kila akigeuza jicho, ningesema kuna damu imevuja ndani ya jicho. Yeye kasema pazia, jicho moja, linashuka linapanda. Hayo maneno yaandike kama alivyoyasema, na tarehe kama unaikumbuka, mpe daktari hiyo karatasi maana nakuhakikishia mdogo wako akifika mbele ya daktari atasema "niko poa tu jicho lilinisumbua kidogo". Nawajua hawa.

Hiyo ya damu kuvuja ndani nisiipite haraka, kwenye selimundu ndo tatizo la macho lenyewe hasa. Seli nyekundu ya mtu wa kawaida inaishi siku kama 120, ya mgonjwa wa selimundu inaishi 10 mpaka 20 hivi, ndo chanzo cha ule umanjano na upungufu wa damu mliouzoea. Lakini kabla haijafa inakakamaa na kukwama kwenye vile vimishipa vidogo kabisa, na kule nyuma ya jicho kwenye retina, pembeni mwisho, ndo kuna vimishipa vyembamba mno. Vikiziba, jicho linaotesha vipya kutafuta njia nyingine, na hivyo vipya ni dhaifu, vinapasuka. Vikipasuka kidogo mtu anaona ukungu wiki kadhaa afu unasafika wenyewe anasema Mungu mkubwa, kumbe vinaendelea kuota, na vikivuta retina ikabanduka hapo kurudisha kuona ni kazi kweli kweli. Vikiwahiwa vinachomwa kwa leza kabla havijaleta balaa. Haviumi, havionekani kwenye kioo, na mtu anaweza kusoma herufi zote za ubaoni huku anavyo. Ndo maana madaktari wanataka mwenye selimundu apanuliwe mboni na kuangaliwa kule nyuma hata kama anaona vizuri. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 unasema kuanzia miaka 10, kila mwaka mmoja au miwili. Mdogo wako ana 22, niambie kama kuna siku yoyote mtu alimmulika nyuma ya jicho. Nadhani hakuna, na hayuko peke yake.

(Kwa wasomaji wengine, hasa mlioolewa na watu wa Afrika Magharibi, kuna aina ya selimundu inaitwa SC. Hiyo maumivu ya mifupa yanakuwa nafuu kuliko SS, aina tuliyoizoea kwetu, lakini macho ndo yanaharibika zaidi. Mtoto haumwi umwi basi kliniki mnaiona ya nini. Mpelekeni.)

Sasa duka la miwani. Miwani inasaidia jicho ambalo halioni vizuri muda wote. Jicho linalozima na kuwaka halina shida ya lenzi. Atapimwa, ataambiwa ana namba ndogo, atauziwa, na ataondoka ameridhika, hilo ndo linaloniogopesha mimi, kuridhika.

Matone ya jirani tupa, tena usiyarudishe maana atampa mtu mwingine. Kwanza yameshafunguliwa siku nyingi, pili hujui yana nini, kuna matone yana steroidi yanapandisha presha ya jicho, na jicho la mwenye selimundu halivumilii presha hata ya kiasi ambacho mimi na wewe tungeistahimili. Na hapa kuna jambo nataka ulishike, liandike nyuma ya kadi yake ya kliniki: kila akienda kwa daktari wa macho, hata kama ni kwa sababu ya mpira umempiga usoni, neno la kwanza kutoka mdomoni ni "nina selimundu". Akipigwa jicho damu ikajaa pale mbele, zile seli ngumu zinaziba njia ya maji ya jicho kutoka, presha inapanda haraka. Na dawa mojawapo inayotumika sana kushusha presha ya jicho, asetazolamaidi, wengi wanaijua kama Diamox, inaongeza asidi kwenye damu na seli zinazidi kukakamaa. Daktari akijua atachagua nyingine au atakuwa mwangalifu. Asipoambiwa atajuaje? Mgonjwa amevaa jezi, anaonekana mzima. Hata wale waliorithi kinasaba kimoja tu cha selimundu ambao hawaumwi wanatakiwa waseme wakipigwa jicho.

Asimeze aspirini ya dukani pia. Nasikia watu wanashauriana huko eti inalainisha damu. Kama kilichotokea ni kuziba, daktari anaweza akampa, kama ni kuvuja utakuwa umeongeza kuvuja, na nyie hapo nyumbani hamna cha kutofautishia. Na muulize kama alikuwa anakunywa kwinini ya malaria kipindi hicho, ikizidi kipimo inaweza kuzimisha macho, japo hiyo kawaida inapiga yote mawili. Daktari atauliza, uwe na jibu.

Tuje kwa mama na rozela yake. Juisi haina ubaya, anywe, na maji mengi zaidi ya juisi, mwili ukikaukiwa seli zinakwama. Ila ninachokiogopa ni ile ya kufika hospitali ndugu wanaanza kusukuma "muongezeeni damu, muongezeeni damu". Damu ya mwenye selimundu kila siku iko chini, wengi wanaishi na himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya 7 au 8 na wanacheza mpira. Ukiirundika juu mpaka ipite 10 wakati seli zake zilezile bado zimo, damu inakuwa nzito, na damu nzito ndo inaziba mishipa ya macho na kichwa. Kwahiyo tafuta madaftari yake ya zamani uone kawaida yake ni ngapi, uende nayo. Wao wakiona ni kiharusi kinanyemelea wana namna ya kumbadilisha damu, wanatoa yake huku wanaingiza nyingine, hayo ni maamuzi yao na sio ya mjomba. Na vidonge vya madini ya chuma msimpe bila kipimo, waliowahi kuongezewa damu mara nyingi wanakuwa nayo tele mpaka inawadhuru.

Mjomba mwambie aombe. Aombe wakati nyie mko njiani.

Umeuliza uanze wapi. Mwanza mna bahati, hospitali ya Bugando ipo hapo juu kilimani, ina macho na ina selimundu, na hospitali ya mkoa ya Sekou Toure ipo kama mna bima inayotaka rufaa. Nenda dharura, usiende kuchukua namba ya kliniki ya macho ukapangiwa wiki ijayo. Sema dirishani kwa sauti: ana selimundu na jicho moja limezima ghafla zaidi ya mara moja. Kwenye jicho watamwekea dawa ya kupanua mboni, ataona ukungu na mwanga utamuumiza masaa kadhaa, beba miwani ya jua na usimwache aondoke peke yake. Kwingine watampima presha, damu, sukari, wanaweza kutaka moyo na mishipa ya shingo kwa ultrasaundi, na siti skani ya kichwa au emarai. Hela itauma, nakwambia ukweli, uliza ofisi ya ustawi wa jamii pale pale kabla hujasema hatuna tunaondoka. Na huko njiani kabla hamjafika, jicho likizima tena likagoma kurudi, dereva asisimame popote, retina ikikosa damu masaa machache inakufa na haifufuki.

Kuhusu haidroksiurea. Aliyemwambia ni dawa ya kansa hajamdanganya, inatumika huko pia, ila kwa selimundu ilishaidhinishwa kule Marekani tangu 1998, inafanya mwili urudie kutengeneza damu ya utotoni ambayo haikakamai, na inachukua miezi kuonekana kazi yake. Na kuhusu uzazi hajadanganya yote pia, inaweza kupunguza mbegu. Mara nyingi zinarudi mtu akisimamishiwa dawa kwa utaratibu, ndo kitu cha kukaa na daktari wakaongea mwanaume na mwanaume. Kijana wa miaka 22 anaacha dawa kwa hofu ya kukosa mtoto, hataki kumwambia dada yake, mimi namwelewa kabisa. Usimseme kwa hilo. Ukimsema hutajua tena anachokunywa na asichokunywa. Na asizianze mwenyewe kwa dozi ya zamani, zinahitaji kupimwa damu kila baada ya muda.

Bodaboda hapana. Hapo sina mjadala, mpaka jicho lichunguzwe. Pazia likishuka akiwa Nyerere Road na abiria nyuma, na yule abiria ana dada yake pia. Kama shida ni hela ya kula mtafute njia nyingine kwa sasa, hata ukibana kwako.

Mitihani chuo wana utaratibu wa kuahirisha kwa barua ya daktari, wanafunzi wanaita spesho, muombe daktari hiyo barua siku hiyo hiyo msije mkarudi kuihangaikia. Lakini inawezekana kabisa wakamuona, wakamwanzishia matibabu na mtihani akafanya. Mwambie hivyo, asidhani hospitali maana yake ni kufeli.

Na siri. Ni mtu mzima na mwili ni wake, kwahiyo mimi sitakwambia umpigie mama nyuma ya mgongo wake. Mwambie uso kwa uso: "Siri yako natunza ya maumivu, ya dawa, ya demu wako, hii ya jicho sitatunza. Twende leo tukiwa wawili, tukitoka na majibu utampigia mama mwenyewe. Usipoenda leo, jioni nampigia mimi." Afu kaa kimya umwache akasirike. Hawa watoto wameitwa wagonjwa tangu wakiwa na miezi, wakipata nafasi ya kuwa watu wa kawaida wanaishika kwa meno, ndo maana anacheka. Mama mkimpigia mkiwa tayari mmemuona daktari presha yake haitapanda kama vile akisikia kwa mjomba, na kwa jinsi ulivyoniandikia, mjomba hatakaa siku nyingi bila kumwambia.

Yule muuguzi aliyemfokea, mkifika kliniki ya wakubwa ingia nae tu. Mtu mzima anaruhusiwa kuingia na dada yake. Akiulizwa ajibu yeye, wewe kaa pembeni na karatasi yako, usimjibie.

Nasubiri majibu yenu, niandikie hata mstari mmoja wamesema nini nyuma ya jicho.

Shangazi